Bonde limekauka: mzibe mifereji, mkate mikaratusi, mpande miti au mliache lipumzike?

Chemchemi ikipungua na kijito kikaanza kukatika mwezi wa tisa, kauli ya kwanza kwenye mkutano wa kijiji karibu kila mahali ni ile ile: tupande miti. Miche inaletwa, wanafunzi wanaitwa, picha zinapigwa. Mwaka unaofuata miche mingi imekauka au imeliwa na mbuzi, na hata ile iliyoshika haijarudisha maji. Watu walijituma kweli, ila dawa ilikuwa ya ugonjwa mwingine.

Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya kamati za mazingira za vijiji na Jumuiya za Watumia Maji zenye mabonde madogo ya Nyanda za Juu Kusini: Mufindi, Kilolo, Njombe na jirani zake, ambako wakulima hulima vinyungu, yaani bustani ndogo zenye unyevu, chini ya bonde wakati wa kiangazi. Maji ya mabonde mengi ya Mufindi huingia Ruaha Mdogo, yakapita Iringa mjini, yakaungana na Ruaha Mkuu na kufika Mtera. Anayechimba mfereji kwenye kinyungu chake anagusa maji ya watu asiowajua, na ndiyo maana kazi hii inastahili kufanywa kwa vipimo.

Kwanza, bonde linaumwa nini?

Nendeni bondeni Oktoba, kabla mvua hazijaanza. Bebeni jembe, tepu ya kupimia, ndoo ya lita 20 na simu yenye saa.

Chimbeni mashimo mawili yenye kina cha mita 1, moja likiwa mita 2 kutoka ukingo wa mfereji na jingine mita 20. Yawe kwenye usawa mmoja wa ardhi, lisiwepo lililopanda mteremko. Yaacheni usiku kucha maji yatulie, kisha asubuhi pimeni kutoka uso wa ardhi hadi kwenye maji. Mkikuta shimo la karibu lina maji kwenye sentimita 80 na la mbali kwenye 35, mfereji ndio unaolinyonya bonde. Mkikuta yako karibu sawa na yote mawili yako chini, tafuteni mnyonyaji mwingine: mikaratusi ya pembezoni, mpira wa kumwagilia uliofungwa huko juu, au korongo lililochimbika likashusha maji ya bonde zima.

Shikeni na udongo wenyewe. Udongo mweusi wa bonde hai ni kama sifongo. Ukiukamua, maji ya rangi ya chai yanatiririka mkononi. Uliokauka kupita kiasi hugeuka kama unga wa kahawa: ukiumwagia maji yanateleza juu yake bila kuingia. Ukifika hapo hauloani kwa mvua moja wala mbili, na moto ukiingia unaweza kuwaka chini kwa chini kwa siku nyingi huku juu pakionekana pamezimika. Bonde lenye udongo wa namna hiyo linahitaji maji yasimame juu yake kwa wiki kadhaa kabla ya jambo lingine lolote.

Mwisho pimeni chemchemi. Kusanyeni maji yote kwa bomba au jani la mgomba yaingie kwenye ndoo, mhesabu sekunde, mrudie mara tatu na kuchukua wastani. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 40, mnapata nusu lita kwa sekunde, yaani lita 43,200 kwa siku. Namba hiyo andikeni pamoja na tarehe, maana bila hiyo hakuna atakayejua baadaye kama kazi ilisaidia.

Kuziba mifereji

Njia hii haipewi heshima inayostahili. Haina sherehe, haina miche ya kugawa, na kwa macho ni kurudisha matope kwenye shimo. Lakini kwenye bonde lililokaushwa kwa mifereji, hakuna njia nyingine inayopandisha maji ya ardhini kwa msimu mmoja.

Anzeni kwa kupima mteremko wa mfereji. Mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha maji, ule mafundi ujenzi wanaotafutia usawa, unatosha kabisa. Mfereji ukishuka mita 1 ndani ya mita 50, mteremko ni asilimia 2. Tofauti ya kimo cha maji kati ya kizuizi kimoja na kinachofuata isizidi sentimita 30, kwa hiyo kwenye mteremko wa asilimia 2 vizuizi vikae kila mita 15, na kwenye asilimia 1 kila mita 30. Wengi hupunguza idadi ili kuokoa nguvu: wanajenga kimoja kikubwa mahali palipohitaji vidogo vingi. Mvua ya kwanza ya Desemba hukibeba chote, na mfereji unabaki mpana kuliko ulivyokuwa.

Kizuizi kwenye mfereji wa upana na kina cha mita 1 hujengwa hivi. Ondoeni matope laini, mizizi na majani yote chini na pembeni mpaka mfike udongo mgumu. Chimbeni pembe za kizuizi ziingie kwenye kuta za mfereji sentimita 50 kila upande, na chini sentimita 30. Hii ndiyo hatua inayorukwa na ndiyo inayoamua. Urefu wa kizuizi kufuata mfereji uwe mita 3. Tumieni udongo mfinyanzi, usiwe ule mweusi wa juu, mkiushindilia kila tabaka la sentimita 15 kwa mguu na kwa gogo. Malizieni sentimita 20 hadi 30 juu ya uso wa bonde, kwa sababu udongo utashuka, na kwa sababu mnataka maji yaende kutandaa pembeni bondeni, yasiruke juu ya kizuizi. Funikeni kwa mabonge ya milulu au nyasi yenye mizizi yake. Watu 6 hadi 8 humaliza kimoja kwa siku.

Anzeni juu ya bonde mkishuka. Mkianza chini, kila mvua itawaletea maji ya mfereji mzima kwenye kizuizi kimoja kipya. Wakati mzuri ni Septemba hadi katikati ya Novemba.

Kizuizi hakivunjiki katikati mara nyingi kama kinavyovunjikia pembeni. Maji hupata ufa mdogo mahali ambapo pembe hazikuingia ukutani, au tundu la kaa au la fuko, kisha hula polepole. Baada ya kila mvua kubwa ya mwezi wa kwanza mtu apite na jembe. Shimo la ukubwa wa ngumi linazibwa kwa dakika tano, la ukubwa wa ndoo linahitaji kikosi. Magunia ya plastiki yaliyojazwa udongo husaidia kwenye mfereji mpana, ila yakiachwa juani huchakaa upesi, kwa hiyo nayo yafunikwe kwa nyasi.

Kuna hasara ambayo lazima isemwe wazi kabla jembe halijanyanyuliwa: maharage na mahindi ya kinyungu kilicho jirani yatazama. Mkulima asiyeambiwa atakuja usiku kufungua kizuizi, na hapo si haki kumwita mharibifu, kwa sababu mmemzamishia chakula cha watoto wake. Yapo makubaliano ya kati yanayofanya kazi. Moja ni kizuizi chenye bomba la PVC la inchi 4 lililopita katikati, likiwa na elbo (kiungo cha kona) upande wa juu isiyogandishwa kwa gundi. Elbo ikisimamishwa maji yanapanda hadi mdomoni mwake, ikilazwa yanashuka. Wakati wa kuvuna inalazwa kwa siku kumi, kisha inasimamishwa. La pili ni kubadili zao: magimbi yanapenda tope, na matuta ya mboga yaliyoinuliwa sentimita 40 yanaweza kukaa kati ya maji bila mfereji mrefu wa kuyakausha.

Kwa kuwa mnagusa mkondo wa maji, nendeni kwanza Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, ofisi zake ziko Iringa, mwonane na maofisa kabla ya kuanza. Wanajua mipaka ya vyanzo na wanaweza kuwasaidia kupima.

Kukata mikaratusi na miwati

Njia hii ichagueni pale ambapo mashimo mawili yameonyesha kwamba mfereji hauna hatia, na ukingo wa bonde umejaa mikaratusi. Mti huu hupeleka mizizi mbali na hunywa mwaka mzima, hata miezi ambayo nyasi zimelala. Ukiondolewa karibu na chemchemi ndogo, matokeo yanaweza kuonekana kiangazi kinachofuata.

Kazi ngumu inaanza mti ukishaanguka. Mkaratusi uliokatwa huchipua machipukizi mengi, na ndani ya miaka mitatu mna msitu mnene kuliko wa kwanza. Kateni chini kabisa, kisiki kisizidi sentimita 10. Siku hiyo hiyo, kabla gome halijakauka, libandueni lote kuzunguka kisiki hadi chini ya udongo, mahali mizizi inapoanzia. Halafu mtu apite kila wiki 6 hadi 8 kwa miaka miwili akivunja chipukizi kwa mkono. Dawa za kuua magugu msizipeleke kwenye chanzo cha maji wanayokunywa watu. Visiki vilivyo kwenye ukingo mkali msiving'oe. Mizizi iliyokufa itashikilia udongo mpaka mimea mipya ishike.

Miwati ni habari nyingine. Yenyewe haichipui sana kutoka kisikini, ila mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi zikisubiri, na joto la moto ndilo linaloziamsha. Anayekata miwati kisha akachoma matawi pale pale anapanda shamba jipya. Tandazeni matawi bila kuyachoma, na ng'oeni miche kwa mkono msimu wa mvua ikiwa bado haijafika magotini.

Afrika Kusini imekuwa ikiondoa miti ya kigeni kwenye vyanzo vyake kwa mpango wa taifa tangu 1995, na fundisho kubwa la kule ni hili la kurudi tena na tena: eneo likikatwa bila kurudiwa, gharama ya mwanzo inapotea. Kwa hiyo msikate zaidi ya mnachoweza kukizungukia. Theluthi moja kwa mwaka, mkianza na safu iliyo karibu zaidi na maji, inatosha na inazuia ukingo kubaki uchi wote kwa mara moja.

Mikaratusi ina mwenyewe. Kwa mwenye nayo ni nguzo, ni mbao, ni ada ya shule. Makubaliano yanayodumu ni yale yanayomwacha avune na kuuza miti yake yote, huku akikubali visiki vife. Kuhusu kuvuna na kusafirisha, ulizeni ofisi ya misitu ya wilaya kabla ya kukata. Wengi siku hizi hubadilisha kwa parachichi. Ni zao zuri nje ya mita 60 kutoka chanzo, lakini parachichi la kumwagilia kwa mpira uliochomekwa kwenye chemchemi hiyo hiyo linarudisha tatizo kwa sura nyingine, kwa hiyo suala la umwagiliaji liingie kwenye makubaliano.

Kupanda miti na majani

Kupanda kunafaa sana kushika kingo, kupoza maji na kuzuia udongo wa mashamba ya juu usiingie bondeni. Kurudisha maji peke yake hakuwezi, hasa pale mfereji ulipo wazi.

Kosa la kwanza ni mahali. Katikati ya mabonde mengi ya huku hapakuwahi kuwa na msitu; palikuwa na milulu, matete na nyasi za majini. Mkipanda miti katikati mnaongeza wanywaji mahali ambapo pangehifadhi maji. Katikati iacheni iwe ya milulu. Pembezoni, pale mguu unapozama kidogo tu, pandeni mivengi (miti ya asili ya jamii ya mzambarau) na mikuyu. Juu zaidi, kwenye ukingo mkavu, mianzi ya ulanzi inashika udongo vizuri, na mgema hatakubali ikatwe ovyo. Ila isiwekwe kwenye maji yaliyotuama. Mpaka wa shamba na hifadhi wekeni mstari wa majani ya vetiva, vipande 7 hadi 10 kwa kila mita, au mabingobingo kama kuna ng'ombe wa ndani wa kuyala.

Mbegu za mivengi hazihifadhiki. Zikiokotwa leo zikapandwa baada ya mwezi, nyingi hazioti. Okoteni matunda yaliyoiva, osheni nyama yake, mpande kwenye viriba siku hiyo au kesho yake. Mkuyu hauna haja ya kiriba: kigingi cha mita 1.5 hadi 2, unene wa kifundo cha mkono, kinachomekwa sentimita 60 kwenye udongo wenye unyevu mvua zikishakolea.

Hesabu ya miche: mita 100 za kijito, upande mmoja, ukanda wa mita 60, nafasi ya mita 3 kwa 3, inahitaji kama 670. Ongezeni asilimia 20 ya kujazia iliyokufa, iwe 800. Pande mbili ni 1,600. Ukanda ukiwa na nyasi na vichaka hai tayari, pandeni nusu ya hapo au pungufu.

Pandeni Desemba hadi katikati ya Januari. Mche wa Machi unakutana na kiangazi kabla haujashusha mizizi. Kiriba kitolewe. Linasikika jambo dogo, lakini miche inayopandwa na plastiki yake kwa haraka ya siku ya sherehe ni mingi, na mizizi hujizungusha ndani mpaka mti unakufa mwaka wa pili bila mtu kujua sababu. Palilieni kwa duara mara mbili kwa msimu, miaka miwili. Kata barabara ya moto ya mita 4 kuzunguka eneo kila Juni.

Kuliacha lipumzike

Hii ndiyo rahisi kuliko zote, na mara nyingi hudharauliwa kwa sababu haionekani kama kazi. Shinyanga ilifunga maeneo kwa utaratibu wa jadi wa kutunza malisho uitwao ngitili, chini ya mpango wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986, na miti ikarudi kwa wingi kutoka kwenye visiki na mizizi iliyokuwa hai ardhini bila kupandwa.

Kwa bonde, jaribio la kujua kama linaweza kujirudia ni beseni. Chukueni mabonge matano ya udongo wa juu, unene wa sentimita 10, sehemu tofauti za bonde, myaweke kwenye mabeseni na kuyaloanisha kwa wiki 6. Ikiota milulu na nyasi za majini, akiba ipo: fungeni eneo na msubiri. Yakiota magugu ya shambani tu, mtahitaji kuhamisha mabonge ya milulu kutoka bonde jirani lililo hai.

Kupumzika hakufanyi kazi mfereji ukiwa wazi, wala ng'ombe wakiwa hawana pengine pa kunywa. Jengeni birika la kunyweshea mifugo angalau mita 60 nje ya chanzo, likilishwa kwa bomba la inchi moja kutoka chemchemi, lenye bomba la ziada la kurudisha maji yanayofurika kijitoni. Uzio bila birika hukatwa, na anayeukata ana kiu ya mifugo yake.

Kuhusu makorongo kwa ufupi: kichwa cha korongo kinachopanda kuelekea bondeni kizuiwe kabla ya mambo mengine yote, kwa vizuizi vya mawe au fito vyenye sehemu ya katikati iliyo chini kuliko pembe, na mawe ya kupokea maji yanapoangukia. Korongo likifika bondeni litashusha maji kuliko mifereji yote.

Kwa kuangalia haraka

| Mnachokiona | Anzeni na | Matokeo ya kwanza | Kinachoua kazi |
|---|---|---|---|
| Maji ya shimo lililo karibu na mfereji yako chini kuliko ya shimo la mbali | Kuziba mifereji | Msimu mmoja | Pembe fupi. Kufunguliwa usiku |
| Mikaratusi au miwati ukingoni | Kukata kwa awamu | Kiangazi kimoja hadi viwili | Machipukizi, moto |
| Kingo zinaanguka, maji ni mekundu | Majani, mivengi, mikuyu | Miaka miwili hadi mitatu | Mbuzi, moto, viriba |
| Kwato kila mahali, milulu bado ipo | Kufunga na birika | Msimu mmoja hadi miwili | Mifugo kukosa maji |

Na watu je: faini, makubaliano au malipo?

Hapa ndipo uamuzi mzito zaidi ulipo.

Faini ina sheria nyuma yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Kijiji kinaweza kuongeza sheria ndogo: Halmashauri ya Kijiji inaandaa, Mkutano Mkuu wa Kijiji unajadili, Halmashauri ya Wilaya inaidhinisha. Faida yake ni kwamba inamshika pia mgeni na mwenye fedha. Udhaifu wake ni kwamba inawategemea mtendaji na mgambo, na inamchukulia mwenye kinyungu cha robo eka sawa na mwenye pampu kubwa.

Usangu, tambarare ya mkoani Mbeya unakopita Ruaha Mkuu, inafundisha jambo. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji na mifugo yao waliondolewa kule, na 2008 eneo likaingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ruaha Mkuu, uliokuwa ukikatika kila kiangazi tangu 1993, uliendelea kukatika, kwani maji mengi yalikuwa yakichepushwa huko juu kwenye mashamba ya mpunga. Familia zililipa gharama kubwa kwa jibu ambalo halikugusa mfereji wenye maji mengi. Kwa upande mwingine, Rugezi, kaskazini mwa Rwanda, iliponywa kwa amri: mifereji ilikuwa imekausha bonde, Ziwa Burera likashuka na kituo cha umeme cha Ntaruka kikapungukiwa maji; serikali ikakataza kilimo bondeni, mianzi na mabingobingo vikapandwa pembezoni, na maji yakapanda. Amri ile ilishika mnyonyaji halisi. Lakini waliokuwa wakilima mle walipoteza mashamba, na gharama hiyo lazima iingie kwenye hesabu ya yeyote anayetaka kuiga.

Makubaliano ya maandishi kati ya kamati na kila mwenye kinyungu ni ya polepole zaidi, na kwa mabonde madogo ndiyo tunayoyapendelea. Piteni kitongoji kwa kitongoji na mwenyekiti wake, mwandike kila kinyungu: cha nani, hatua ngapi, kinalimwa nini, kinavunwa lini. Ongeeni na wanawake peke yao pia, kwa kuwa kwenye mkutano mkuu wanaume ndio wanaosema na wanawake ndio wanaolima mboga na kukata milulu ya vikapu. Wasusi ndio marafiki wa kwanza wa bonde lenye maji: wapeni haki ya kuvuna kwa zamu, nusu ya eneo mwaka huu na nusu mwaka ujao, kwa kukata bila kung'oa, na mtakuwa na walinzi wanaopita kila wiki bila posho. Vinyungu vya ndani ya mita 60 viwe na ratiba ya kusogea, tuseme misimu mitatu, na ratiba hiyo ijulikane kwa Bodi ya Bonde na ofisa mazingira wa wilaya isije ikavunjwa na amri katikati ya njia.

Malipo yanafaa pale ambapo chini ya mto yupo mwenye uwezo anayeumia maji yakikosekana. Naivasha, Kenya, watumia maji wa ziwani waliwapa wakulima wa juu ya Mto Malewa vocha za kununulia pembejeo kwa kupanda mistari ya majani na miti kwenye kingo. Gazi, Kwale, jamii inauza hewa ukaa inayohifadhiwa na mikoko tangu 2013 kupitia Mikoko Pamoja, na fedha huenda kwenye maji na shule. Mpango wa namna hii unahitaji mnunuzi, mkataba na upimaji wa kila mwaka, na ukisimama, wengi huacha. Kijiji kisicho na mnunuzi kisianze kwa kuahidi fedha; ahadi iliyovunjwa mara moja hufunga milango kwa miaka.

Mkilazimika kuchagua kwa mwaka wa kwanza na nguvu ni chache, kwa bonde la kawaida la vinyungu tungechagua hivi: Agosti makubaliano na wenye vinyungu vya sehemu ya juu tu, Septemba birika la mifugo, Oktoba vizuizi 5 vya kwanza, viwili vikiwa na bomba la elbo, Desemba miche 200 pembezoni, siyo 2,000. Mikaratusi iliyo karibu zaidi na jicho la chemchemi ikatwe Juni inayofuata.

Mtu mmoja apewe ndoo na daftari, apime chemchemi tarehe moja ya kila mwezi, na namba ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Mwaka wa kwanza namba inaweza isipande hata kidogo, kwa sababu bonde linajaza kwanza udongo wake kabla ya kumwaga ziada. Linganisheni Oktoba na Oktoba, msilinganishe Machi na Oktoba; na pimeni pia bonde moja la jirani ambalo halijaguswa, ili mwaka wa mvua nyingi usije ukawapa sifa ambayo si yenu, wala mwaka wa ukame ukawavunja moyo bure.